Wimbo wa Mama Fua na Miaka Yangu ya Kuitikia

Jumapili iliyopita nilisimama tena mbele ya maiki, Kawangware, nikiwa na miaka sabini na moja, na haya magoti yangu ambayo hulalamika nikipanda ngazi mbili tu hayakusema neno. Nimekuwa na furaha wiki nzima. Jirani yangu hapa mtaani kwetu Lindi ameniuliza kama nimepata mjukuu mwingine. Nikamwambia hapana, nimepata wimbo.

Sasa nyinyi vijana mnaokuja mlangoni kwangu na simu zenu mkitaka niwaambie mambo ya muziki wa zamani, leo nimekubali. Lakini mtasikia vile mimi nasema, si vile nyinyi mnataka. Mnapenda kuniuliza nani alikuwa staa, nani alikuwa na bibi ya nani. Hayo siyajui, na nikiyajua siwaambii. Mimi sikuwa staa. Nilikuwa mwitikiaji. Shule niliacha darasa la nne, kwa hivyo msitafute maneno makubwa hapa.

Mwitikiaji ni yule ambaye jina lake haliandikwi kwa kaseti, lakini ukimtoa, wimbo unaanguka kama sufuria ukiondoa jiwe moja la jikoni. Mwimbaji anasema, wewe unajibu. Mwimbaji analia, wewe unamshika. Na pale wimbo unapotaka sauti ya mtu fulani, mama mkwe, mlevi, mtoto wa shule, ni mwitikiaji huambiwa ajifanye yeye. Hapo ndipo nilijulikana, na hapo ndipo nilikosea. Nitafika.

Studio yetu ilikuwa chumba kimoja Kawangware, juu ya bucha. Mwenye studio aliitwa Njoro. Alikuwa ametundika magodoro ukutani kuzuia kelele, lakini godoro halizuii shoka. Kila mara mwenye bucha akipasua mfupa, sisi huku juu tunaanza upya. Kuna wimbo mmoja wa mapenzi tulirekodi, tulichoka tukaacha hivyo hivyo. Ukisikiliza vizuri ubeti wa pili, mwanamume anaapa hatamwacha mpenzi wake, na chini yake shoka linapiga, kha! Watu walidhani ni ngoma. Walikuja kutuuliza hiyo ngoma tulinunua wapi.

Mimi maneno sikuwa nasoma haraka, kwa hivyo nilijifunza kusikia mara tatu. Mara ya kwanza nasikia na miguu. Mara ya pili nasikia na mdomo. Mara ya tatu nasikia nijue mahali ambapo sitaimba, na hapo ndipo waimbaji wengi wa leo hawafiki. Mkiwa watatu, mwenye sauti kali asimame nyuma. Ukiinua sauti, rudi hatua moja kutoka kwa maiki, usiimeze. Asubuhi usinywe kitu baridi, kunywa maji ya moto na chumvi kidogo, na kama hupendi chumvi basi tafuta kazi nyingine. Ukipiga makofi, fanya kiganja kiwe kama kijiko, la sivyo unasikika kama mtu anaua mbu.

Aliyenifundisha ni Mama Awino. Alitoka upande wa Ziwa, aliishi kule Raila Village, mchana anauza samaki wa kukaanga, jioni anaitikia. Siku yangu ya kwanza niliitikia kwa nguvu zote mpaka mwimbaji mwenyewe akapotea ndani ya wimbo wake. Awino akanifinya hapa chini ya mkono, akaniuliza polepole, "Wewe umekuja kuitikia, ama umekuja kumzika mwenye wimbo?"

Mama huyo alikuwa na desturi moja ambayo nataka muishike, hata kama mengine yote mtasahau. Tulipewa wimbo wa soja, mlinzi wa usiku. Siku hizo nyimbo zote za soja zilikuwa wimbo mmoja: soja analala, mwizi anaingia, soja anaamka anauliza ni saa ngapi. Tukafanya mazoezi, mimi nikaona uko sawa kabisa. Awino akasema twende. Nikamwuliza wapi. Akasema kwa soja.

Tukamkuta mzee mmoja langoni kwa duka la mbao, ameketi kwa kiti cha plastiki, rungu liko magotini. Awino akamwambia baba, kuna wimbo unakuhusu, tukuimbie? Mzee akasema imbeni. Tukaimba wote, hatua mbili kutoka kwake, tukimwangalia. Mwanzo alicheka. Tulipofika pale soja anakoroma, akaanza kuangalia viatu vyake. Tulipomaliza akasema wimbo ni mzuri.

Mimi nilikuwa nimegeuka niende. Awino hakusonga. Akamwuliza, "Baba, wewe hulala kazini?"

"Nalala," mzee akasema. "Mchana nabeba mawe kwa mjengo. Wewe ungekesha?"

Halafu, bila kuulizwa, akatuambia siri yake. Usingizi ukimzidi, anafunga kamba nyembamba kwa lango na kwa kidole kikubwa cha mguu. Lango likisukumwa, kidole kinavutwa, anaruka na rungu akiwa bado anaota. Amewahi kushika mwizi hivyo akiwa amevaa kiatu kimoja. Jamani! Awino alinishika mkono akaubana mpaka nikaumia. Tulirudi Kawangware tukikimbia, wanawake wazima, tukibishana ni nani ataimba kidole na ni nani ataimba kamba. Wimbo huo masoja wenyewe waliuimba mji mzima.

Njiani Awino akaniambia hivi. Wimbo wa kumsema mtu, mwimbie mwenyewe kwanza, akiwa anakuona. Akicheka akikuangalia, nenda studio. Akicheka akiangalia chini, wimbo wako bado ni mbichi, urudishe jikoni. Na usimwulize kama ni mzuri. Mtu mnyonge atakwambia ni mzuri ndio uondoke.

Njoro alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa na uvivu mmoja. Kwake kila kabila lilikuwa na kazi moja tu ndani ya wimbo. Mluhya anakula. Mjaluo anajisifu. Mkamba anaenda kwa mganga. Ukimletea Mluhya ambaye ameshiba, anakwambia watu hawatajua ni Mluhya. Mimi Mluhya wa watu nimesimama pale tangu asubuhi na chai kavu. Siku moja Awino akamtungia wimbo papo hapo, wa Mkikuyu kama yeye anayeuza kitanda cha mama yake, na mama bado amelala juu. Njoro alicheka, akacheka, halafu akainama akaanza kurekebisha waya ambao haukuwa na shida yoyote. Kutoka siku hiyo, kabla ya kubonyeza mashine, Njoro alikuwa anauliza, "Mmemwimbia mwenyewe?"

Sasa kosa langu.

Awino alikuwa amerudi kwao kuzeeka. Mimi nilikuwa na miaka arobaini na minne, najiona mkubwa. Akaja mwimbaji mmoja wa gitaa na wimbo wa mama fua. Nyinyi mnawajua mama fua, wale wanawake ambao huketi asubuhi kando ya ukuta, hapo njiani kuelekea flati za Nyayo Highrise, wakingoja mtu wa kuwaita akawape nguo za kufua. Kiitikio chake kilikuwa: Mama fua, mama fua, fua nguo, usifue bwana. Na katikati akataka sauti ya mama fua mwenyewe, mshamba, anauliza mwenye nyumba swali. Nitalisema mara moja tu, nililisema na mdomo huu: "Madam, hii shati ya mzee nifue ikiwa kwa beseni, ama ikiwa bado kwa mzee?"

Mnaona, mnacheka. Kila mtu alicheka. Na sauti niliyotumia haikuwa ya mtu mwingine, ni ya mama yangu mzazi, vile alikuwa anaongea Kiswahili akitoka Magharibi, nikaivuta, nikaipinda. Nilimaliza kwa mara moja. Bucha yenyewe ilinyamaza wasikie.

Njoro akauliza, "Umemwimbia mwenyewe?"

Nikasema ndiyo.

Sikuwa nimeenda. Na sikuona kama nimedanganya, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimeketi kwa ukuta huo miaka miwili nikifua, kabla ya muziki. Nikajiambia, mwenyewe si mimi? Nitamwimbia nani zaidi yangu? Vijana, hilo ndilo shimo. Mkitoka mtaa fulani, mkiwa kabila fulani, mkiwa mmewahi kuwa na shida fulani, mnadhani mmepewa ruhusa ya kuwasemea waliobaki. Mimi nilikuwa nimeshatoka kwa ukuta. Rosa alikuwa bado ameketi.

Rosa ni jirani yangu. Wakati huo alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, na mtoto mmoja wa shule. Tulitoka upande mmoja wa Magharibi, tulikuwa tunapikiana. Ufunguo wangu wa pili ulikaa kwake ili watoto wangu wakitoka shule wasikae nje. Wimbo ulipotoka, ulipigwa kila kibanda. Wanaume wakipita ukutani wanauimba. Watoto wanaoenda shule wanauimba. Mwanamke mmoja ambaye Rosa alikuwa amemfulia miaka mitatu, sitasema anaishi wapi, akamwambia awe anachukua nguo kwa ngazi asiingie ndani. Halafu akamwambia asije. Shuleni mtoto wa Rosa akapewa jina, na jina lilikuwa ni kile kiitikio.

Rosa hakunipigia kelele. Alikuja jioni moja na ule ufunguo, ameufunga kwa karatasi, akaniwekea mkononi. Nilijua ni nini. Na unajua mimi nilisema nini, mimi niliyefundishwa na Awino? Nilisema, "Rosa, si ni wimbo tu."

Akaenda. Miaka ishirini na saba. Mlango wake na wangu kuna milango minne katikati. Kanisa ni moja, yeye hukaa upande ule, mimi upande huu.

Nilienda kumwambia Njoro kwamba nilimdanganya. Akasema kaseti ziko sokoni, na wimbo hauitwi ukarudi kama kuku. Ile sauti sikuifanya tena. Niliitikia miaka mingine mingi, nyimbo za kanisa, za harusi, za siasa mpaka nikachoka na siasa, lakini nikiombwa kujifanya mtu, nilikuwa nauliza huyo mtu anakaa wapi, tunaenda saa ngapi. Wengine waliniita msumbufu. Nilikuwa msumbufu.

Basi wiki mbili zilizopita wakaja wasichana watatu kutoka Kawangware. Mkubwa wao anaitwa Shiru, nywele nyekundu kama nyanya, ana adabu lakini imejificha. Akasimama mlangoni akasema, "Shosho, niaje."

Nikamwambia, "Niaje ni ya rika lako. Mimi wa rika la nyanya yako nisalimie habari ya asubuhi."

Akasalimia. Wakaingia. Akasema wamepata kaseti ya baba yake, kuna ngoma moja ndani kali ajabu, wameitengeneza upya, wanataka kuirusha mtandaoni. Akabonyeza simu. Mama fua, mama fua. Ngoma imeongezwa mbio, besi inatikisa vikombe vyangu, na katikati pale pale nikasikia sauti ya mama yangu ikiuliza mambo ya shati.

"Hiyo voice ndiyo tunataka, Shosho," Shiru akasema. "Ufanye tena fresh. Hiyo itabamba vibaya, kila mtu ataicheza."

"Na mama fua wakisikia?"

"Si ni jokes tu."

Nilijisikia mwenyewe nikimjibu Rosa, ila sasa na nywele nyekundu. Siwezi kuwaeleza. Zamani wimbo ule ulihitaji redio na kaseti. Sasa ungeingia kwa simu ya kila mtoto kabla ya chakula cha mchana. Mtoto wa Rosa ni mtu mzima leo, na yeye ana watoto shuleni. Ningekataa tu kuimba, wangetumia ile sauti ya zamani, iko tayari. Kukataa hakungesaidia mtu. Nikamwambia Shiru nitaimba, lakini kesho saa moja asubuhi wanikute barabarani, na wasikule kwanza.

Walidhani tunaenda studio. Nikawapeleka ukutani.

Wanawake walikuwa kama kumi, na mifuko yao, aproni ndani. Rosa alikuwa wa tatu kutoka mwisho. Bado hufua, mikono yake imekuwa myeupe kwenye mikunjo. Aliponiona na wale wasichana akavuta mfuko wake akauweka magotini. Niliogopa. Nawaambia ukweli, miguu ilitaka kurudi nyumbani bila mimi.

Nikawaambia akina mama, hawa watoto wana wimbo unaowahusu, wanataka kuutoa. Shiru akaimba kiitikio. Anaimba vizuri, ana kifua. Ilipofika ile sauti akaniangalia, kwa sababu wimbo ni wangu pia, na desturi ni uso kwa uso. Nikamwangalia Rosa. Nikasema yale maneno ya shati yote, kwa ile sauti. Yalitoka kama mtu anayetubu mbele ya kanisa.

Wakacheka. Shiru akanionyesha kidole gumba, amefurahi. Nikamwambia kwa sikio, angalia macho yao yako wapi. Kicheko cha kuficha aibu huanza haraka na huisha pamoja, kama mtu amezima taa. Kicheko chenyewe huisha mmoja mmoja, kuna mmoja hubaki nyuma akifuta machozi. Shiru akaangalia. Macho ya karibu wote yalikuwa kwa mifuko. Mwenzake mmoja akaanza kuvuta mkono wa sweta yake. Mama mmoja akasema wimbo ni mzuri.

Rosa peke yake alikuwa ananiangalia mimi.

"Sasa ndio umekuja kuimba," akasema. "Umechelewa miaka ishirini na saba."

"Nimechelewa," nikasema.

Gari la maji likapita. Na hapo ndipo yule msichana wa nywele nyekundu akafanya jambo ambalo Awino angempenda kwalo. Hakuondoka. Akachuchumaa mbele ya Rosa, akamwuliza, "Mama, na huyo bwana wa hii ngoma, nyinyi mnamjua aje kusema ukweli?"

Rosa akamwangalia kutoka nywele mpaka viatu. "Bwana wa mtu mimi simjui uso," akasema. "Namjua kwa kola."

Mama wa kando yake akapiga paja. Halafu ukuta mzima ukawaka! Hicho ndicho kicheko. Kilianza upande huu kikaenda mpaka mwisho kikarudi, na kila mtu anataka kuongeza. Kola ikikaa safi siku tano, huyo mtu amefutwa kazi, anatoka asubuhi anaenda kukaa bustanini, bibi bado hajui. Foronya ikiwa na chumvi upande mmoja tu, kuna mtu analia usiku na mwenzake analala. Nguo za mtoto zikibadilika harufu, mtoto ni mgonjwa, anakunywa dawa. Mwingine akasema kuna nyumba alijua mama ana mimba kabla mama mwenyewe hajajua.

"Na mnawaambia?" Shiru akauliza. Alikuwa anaandika kwa simu na vidole viwili, mbio, hata hatazami.

"Tuambie nani?" Rosa akasema. "Tunaanika nguo ndani nje. Jua lisile rangi, na jirani asisome."

Mimi nilikuwa nimesimama pale nimejaa furaha. Ishirini na saba! Miaka hiyo yote wimbo ulikuwa umeketi kwa ukuta, dakika kumi kutoka kwangu, na mimi nilikuwa nimeimba uongo ambao hata mlevi angeutunga. Ndiyo maana nawaambia wimbo wa kudharau watu kwanza ni uvivu, kabla hata haujawa dhambi. Umeshaimbwa. Unaokota tu. Ukweli lazima uutembelee na miguu yako, saa moja asubuhi, kabla hujala.

Wasichana walifuta ule wimbo wote wakatunga mpya. Siku tatu baadaye walinipigia simu wakaniimbia: Sikujui kwa uso, nakujua kwa kola, siri yako naianika ndani nje. Nikawaambia hiyo "nakujua" waishushe, wasiipandishe, mtu mwenye siri hapigi kelele. Wakaishusha. Nilisikia nywele za mkono zikisimama.

Na Rosa je? Shiru alimwendea mwenyewe ukutani kumwomba aje studio. Mimi nisingethubutu. Akasema atakuja Jumapili baada ya kanisa. Basi Jumapili tukatembea mpaka Kawangware, wasichana mbele wakibishana, Rosa katikati, mimi nyuma.

Studio siku hizi haina magodoro, wamebandika trei za mayai. Fundi ni msichana mrefu na kompyuta moja tu, hakuna mashine kubwa, hakuna kanda ya kukatika. Nilimwuliza wimbo unakaa wapi, akanionyesha mistari ya rangi kwenye kioo, sauti yangu ikiwa ya kijani kama mboga ya sukuma. Tukaleta ndoo ya maji na shati kuukuu, Rosa akafua mbele ya maiki, fwichi, fwichi, fwichi, na fundi akachukua hiyo sauti akaifanya ngoma. Nilipiga kelele wakaniambia Shosho nyamaza tunarekodi.

Ilipofika ile sehemu ya kuongea, Shiru akaniambia kwa aibu kidogo kwamba pengine mimi niseme yale maneno ya Rosa, kwa ile voice, ndio watu wacheke. Kabla sijafungua mdomo, Rosa akasema, "Na mimi niko hapa."

Basi akasimama yeye. Mara ya kwanza alikauka kama mti wa simu. Nikamkaribia, nikamwambia mambo ya kazi tu: usiangalie maiki, mwangalie mtu unayemwambia, na mikono uipe kitu cha kushika. Akavua kitambaa chake cha kichwa akakikamua kama nguo. Akaniangalia mimi. Akasema, "Bwana wa mtu mimi simjui uso," kwa sauti yake, ya kwao, ambayo pia ni ya kwetu, haijavutwa, haijapindwa. Nikaitikia. Tulirudia mara sita. Ya sita ilikaa, na fundi akatoa vipokea sauti masikioni akaketi tu, akicheka peke yake.

Tulirudi jioni kukiwa bado na mwanga. Wasichana walibaki kwao. Tukatembea mimi na Rosa mpaka pale njia ya milango yetu inapoanza. Akasimama.

"Wimbo ni mzuri," akasema.

Nyinyi mnajua Awino alisema nini kuhusu hayo maneno. Sikuondoka. Nikamwuliza, "Na ule wa kwanza?"

"Ule wa kwanza mtoto wangu alikaa nyumbani muhula mzima, alikataa shule. Huo usiniulize."

"Sawa."

Nikadhani imeisha. Akafungua mfuko akatafuta ufunguo wake, halafu akageuka, akaniangalia usoni.

"Ubeti wa pili," akasema, "mmeimba nguo ya mtoto mchanga inafuliwa na sabuni ya unga. Hakuna mtu anafua hivyo, mtoto atatoka upele. Ni sabuni ya kipande. Jumanne niko ukutani. Kuja na huyo wa nywele nyekundu, muimbe tena nisikie."

Jumanne saa moja kasorobo nilikuwa nimefika. Nilimwekea Rosa nafasi kando yangu.